Injini Iliyongoja Matanga Yaishe

Siku ile Joviana alipofunua sufuria kuangalia ndizi zake, akakuta hakuna ndizi bali chuma kinatokota kwenye mafuta, hakupiga kelele. Alirudisha mfuniko polepole, akajifuta mikono kwenye kanga, akamfuata mumewe barazani.

"Baba Immakulata," akasema, "kile kilichoko jikoni tutakula na maharage, au tutakula kikavu?"

"Usikiguse," Ildefons akajibu bila kuinua kichwa. "Hakijaiva."

Wanaomfahamu Ildefons wa Kitendaguro hawatashangaa. Alikuwa mkulima wa kahawa kama majirani zake wote, ila mikono yake haikujua kutulia, na kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko mikono.

Chuma chenyewe kilikuwa injini ya ndege. Si ndege ya kupanda watu. Ndege ya kuchezea, ile ya kurushwa kwa redio, na injini yake yote inaenea kiganjani. Lakini usiidharau. Ilikuwa na valvu zake mbili, na vijiti vya kuzisukuma, na hatua zake nne kamili kama injini ya lori: inavuta, inakaza, inalipua, inatema.

Aliyeinunua ni Harshad, mdogo wake Dhirajlal mwenye duka la vitambaa pale Bukoba mjini. Aliileta kutoka Ulaya muda mfupi kabla ya vita, na kwa Jumapili chache ndege yake ilizunguka juu ya ufukwe wa ziwa, watu wamesimama midomo wazi. Kisha zikaja ndege za kweli, za Amin. Ranjan, mke wa Dhirajlal, akapiga hesabu haraka: familia ya Kihindi, ndani wana ndege, na mji unapigwa mabomu na ndege. Nani angekaa kusikiliza maelezo? Akaikatakata ile ndege kwa panga, akaipikia chapati. Injini ilikataa kuungua, basi akaitumbukiza kwenye debe la mafuta ya nyonyo, familia nzima ikakimbilia Muleba. Baada ya vita Harshad alihamia Uingereza, na debe likasahaulika stoo. Miaka kumi hivi ikapita. Dhirajlal alipokuja kulifungua, mafuta yalikuwa yamekuwa gundi, na injini imenata humo, haizunguki hata ukiibembeleza.

"Imekufa hii," Dhirajlal akamwambia Ildefons aliyekuwa amepita dukani kutafuta vifungo. "Chukua, bwana, ukazuilie mlango."

Neno hilo, imekufa, ndilo lililomponza. Ildefons alikuwa amechoka kulisikia. Vita vilimwachia nyumba isiyo na bati hata moja, na baada ya vita ukaja ule ugonjwa watu waliouita Juliana, UKIMWI wenyewe, ukamchukulia ndugu zake wawili na nusu ya kwaya ya kigango. Siku hizo ukisalimiwa njiani, hujamaliza kuitikia umeshaambiwa nani amekufa. Ildefons alitaka kuona kitu kimoja, kimoja tu, kilichokwisha kuambiwa kimekufa, kikiamka. Akaifunga injini kwenye leso, akasahau vifungo.

Ng'ambo ya ua wake aliishi Ma Kokubanza, mjane, na mwanawe wa mwisho, Mutembei. Huyu alikuwa dereva wa lori, mtu wa kelele, honi yake ilijulikana kutoka Bukoba mpaka Muleba. Sasa Juliana alikuwa amemla, akabaki mifupa na ulimi, na ulimi haukuwa umepungua hata kidogo. Kila asubuhi mama yake alimlaza juani kwenye mkeka karibu na ua, naye akaanza kazi yake ya siku, akimwita jirani kwa "Ta", heshima ya Kihaya.

"Ta Ildefons! Imewaka?"

"Bado, mwanangu."

"Fanya haraka, mzee. Nina safari."

"Ahirisha safari! Huondoki hapa kabla hujaisikia. Ukithubutu, nakufuata huko huko nikuwashie masikioni."

Mutembei alicheka mpaka akakohoa, na mama yake akaja kumpapasa mgongo. Ildefons aliinama juu ya injini yake. Alikuwa amesema kwa utani, lakini neno lilikwisha kutoka. Tangu siku hiyo haikuwa tena suala la injini kuwaka tu. Ilitakiwa iwake Mutembei akiwa hai.

Basi akaipika. Mafuta ya moto yaliilegeza gundi, na jioni yake ekseli ikazunguka kwa mara ya kwanza, Ildefons akabusu kile chuma mbele ya mkewe, jambo ambalo Joviana hakulisahau upesi. Kijiti kimoja cha valvu kilikuwa kimepinda. Akachonga kingine kwa spoku ya baiskeli. Nafasi ya valvu aliipima kwa wembe: ukipita kwa shida, sawa, ukipita kwa raha, kaza. Dhirajlal alimpa kopo la spiriti kali ya mafundi wa samani, wakaichanganya na mafuta ya nyonyo mapya, na kwa kuwa anawajua majirani zake Ildefons akaandika kwenye chupa SUMU kwa herufi kubwa. Plagi yake haikuwa ya cheche. Ilikuwa na kiwaya ndani, ukikigusisha betri moja ya tochi kinakuwa chekundu. Pangaboi alilichonga kwa mbao ya msizi. Mwishowe akaifunga injini kwa boliti kwenye ule mtumbwi mzito wa kukamulia ndizi za pombe, ili ikitaka kuruka ishindwe.

"Leo!" akapaza sauti kuelekea kwenye ua.

"Leo ni leo," Mutembei akajibu.

Ildefons akagusisha betri, akalipiga pangaboi kwa kijiti. Injini ikalipuka mara moja, ikazunguka kinyume, ikatema pangaboi lake. Likapaa juu ya migomba likizunguka vizuri sana, pengine ndiyo safari nzuri kuliko zote lililowahi kwenda.

Lilirudi limeshikwa na Protase. Huyu alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa tai hata akienda kuchuma kahawa.

"Ildefons, hiki kimeangukia kuku wangu. Kuku mzima, lakini hatagi tena, nakuambia. Na habari ya pili: Mzee Rugaibula amefariki asubuhi hii. Hakuna kulima, hakuna redio, hakuna kelele ya aina yoyote mpaka tuanue matanga."

"Ta Ildefons!" sauti ikatoka ng'ambo ya ua. "Ndiyo hiyo yenyewe?"

"Hapana! Hiyo imepiga chafya tu!"

Ildefons hakuwa mtu wa kuvunja matanga. Alilelewa hivyo, na yeye mwenyewe alipozika ndugu zake, kile kimya cha majirani ndicho kilichomshika mkono. Akaifunika injini kwa gunia, akaenda kukaa na wafiwa.

Matanga ya Rugaibula yakaanuliwa. Ildefons akafunua gunia, akajaza spiriti, na kabla hajagusisha betri, kilio kikapanda kutoka nyumba za bondeni. Akafunika. Hayo nayo yakaanuliwa; akafunua; akakaza boliti moja tu, na kengele ya kigango ikalia. Watu wakaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Walimwona na bisibisi mkononi, wakauliza kwa wasiwasi ni nani tena. Joviana akamshauri awape wavuvi wa kisiwa cha Bumbire wakaizamishe kilindini, huko ikafishe samaki. Kwa kweli injini haikuwa na kosa. Ni kwamba miaka ile, ukingoja siku isiyo na matanga, ungengoja mpaka uote ukoka.

Na Mutembei alikuwa hangoji vizuri. Sauti yake ilishuka siku hadi siku, mpaka ikawa mama yake ndiye anayeuliza kwa niaba yake: "Ildefons, anasema imewaka?" Na Ildefons, mzee mzima, akawa anajificha nyuma ya migomba yake ili asijibu. Aliona aibu. Alikuwa na injini nzima, spiriti tayari, betri tayari, na hawezi kuiwasha.

Akafariki Rutashobya, fundi seremala. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye majani uani kwake, wameshika tama, Protase na tai yake mbele kabisa, pale Ma Kokubanza alipoingia na fimbo yake. Hakuketi upande wa wanawake. Alikwenda moja kwa moja kwa balozi.

"Balozi, Rutashobya anasikia?"

"Hapana, Ma."

"Kelele zitamuumiza?"

"Ni heshima, Ma. Ndiyo mila yetu."

"Mila unanifundisha wewe? Nimezika mume, nimezika watoto. Kila mara mlininyamazia, na ninawashukuru. Lakini huyu wangu bado anasikia! Kila siku mnawanyamazia waliokwenda, naye amelala kwenye kimya hicho hicho, kama vile mmeshamfukia. Mimi nataka Ildefons awashe kile chuma chake. Leo."

Protase akairekebisha tai yake. Ndipo sauti ya mjane wa Rutashobya ikatoka ndani, nzito kwa kulia.

"Mwacheni awashe. Hata marehemu alikuwa akiuliza itawaka lini."

Basi wakaondoka. Mwanzoni ni Ildefons na Ma Kokubanza peke yao. Kisha mmoja akakumbuka ana shida upande ule, mwingine akasema anamsindikiza huyo mmoja, na ghafla uani kwa Ildefons kulikuwa na waombolezaji kuliko kwa Rutashobya. Mutembei akabebwa na mkeka wake, akawekwa karibu na mtumbwi. Protase, kwa kuwa shughuli ikifanyika lazima kiongozi awepo, akajitwalia kazi ya kushika betri.

Ildefons akapiga pangaboi. Kimya. Akapiga tena; likamwuma kidole, akalitukana kwa Kihaya, watoto wakafurahi. Akapiga tena. Injini ikakohoa, ikasita, ikashika.

Ilikuwa kelele ya haki. Majani ya migomba yakatetemeka, kuku wakasambaa, na Protase, aliyesimama penye bomba la moshi, akanyunyiziwa mafuta ya nyonyo kuanzia kidevuni mpaka ncha ya tai. Hakuachia betri. Macho yamemtoka, amesimama wima kama aliyepigiwa wimbo wa taifa, anatiririka mafuta. Mtu mmoja akaziba mdomo. Wa pili akashindwa kuziba. Wakaangua kicheko wote, waombolezaji wazima, wakishikana mabega, wengine wanacheka huku machozi yanawatoka, na hakuna aliyeuliza ni machozi ya nini. Ildefons alihisi moyo unataka kumtoka kwa furaha.

Spiriti ikaisha, injini ikanyamaza. Wote wakamgeukia Mutembei. Alikuwa amefumba macho.

"Ta Ildefons," akasema kwa sauti ndogo.

"Naam, mwanangu."

"Valvu ya moshi imebana. Ipe nafasi."

"Imebana wapi?" Ildefons akang'aka. "Nimepima kwa wembe mimi!"

"Inapumulia pembeni. Nimeendesha lori, mzee. Ipe nafasi, washa tena."

Wakabishana mpaka Joviana akaingilia. Ildefons akafungua, akapima kwa hasira, na akakuta kweli imebana. Akaipa nafasi, akawasha tena.

Kuanzia hapo Mutembei alipata kazi. Kila asubuhi injini iliwashwa, matanga yawepo yasiwepo, naye alisikiliza kwenye mkeka wake na kutoa hukumu: punguza spiriti, pangaboi linayumba, imebana, ipe nafasi. Ildefons alibisha kila hukumu na kuifuata kila hukumu. Mutembei aliishi mpaka kahawa zikaanza kuiva, muda mrefu kuliko alivyodhani yeyote kati yetu, kisha akaenda safari yake.

Uani kwa Ma Kokubanza, Protase alisimama kutangaza masharti. Tai ilikuwa ile ile, doa halikutoka.

"Hakuna kulima. Hakuna redio. Hakuna kupasua kuni." Akamtafuta mtu kwa macho. "Na wewe, Ta Ildefons, unangoja nini?"

Ildefons akavuka ua, akajaza spiriti, akagusisha betri. Injini ikashika kwa pigo la kwanza, ikapiga safi, sawasawa, bila kukosa hata mara moja. Alisimama kando yake akilia kama mtoto, maana ilikuwa nzuri, na hakuna tena wa kuitolea hukumu.

"Ildefons!" Ma Kokubanza akaita kutoka katikati ya wanawake, yeye ambaye hakuwahi kuiona valvu maishani mwake. "Imebana! Ipe nafasi!"

Haikuwa imebana hata kidogo. Ildefons hakubisha. Aliizima, akatoa wembe mfukoni, akapiga magoti, akaipa nafasi.