Ombi la Kumshusha Wifi

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kelele. Kinyongo chake dhidi ya wifi yake, dada wa mumewe, alikitunza kimyakimya. Kilianzia kwenye msiba wa mama mkwe. Yeye ndiye aliyemuuguza yule bibi, akamwogesha na kumlisha uji kwa kijiko mpaka mwisho. Wifi alifika na mabegi yake, akalia mbele ya waombolezaji: "Mama yangu amekufa na kiu ndani ya nyumba ya watu!"

Nyumba yenyewe ilikuwa ya fundi. Wapo waliomkodolea macho, wapo walioinamisha vichwa.

Tangu hapo, wakikutana kanisani, walipeana ncha za vidole tu. Lakini kwenye maombi ya akina mama, fundi hakuacha kumtaja. "Bwana, mkumbuke wifi yangu," alisema, na wenzake wakaitikia amina kwa nguvu. Yaliyobaki aliyamalizia moyoni: Amejikweza mno. Mshushe.

Asubuhi moja alikuwa akishona pindo la gauni la bibi harusi, simu ikalia. Mumewe alikuwa anampa habari: dada yake ameteleza kwenye ngazi za ofisini, amevunjika nyonga, amelazwa.

"Maskini!" fundi akasema.

Alipokata simu, mguu wake ulirudi kwenye pedali, cherehani ikakimbia, naye akaanza kuimba.

"Habari njema, fundi?" aliuliza bibi harusi, aliyekuwa amekaa akisubiri gauni.

Fundi akakatiza wimbo. Joto lilimpanda mpaka masikioni. Alitamani benchi limmeze. Akaomba radhi, akafunga duka.

Hospitalini alimkuta wifi amelala chali, nywele timutimu, uso umemsinyaa. Alipomwona tu, machozi yakamlenga.

"Nilijua utakuja, wifi. Mama mchungaji aliniambia hukosi kuniombea. Nikawa najiuliza, kwa yale niliyokutendea, huyu ana moyo gani?"

Fundi angeweza kutabasamu, mambo yakaishia hapo. Alikwisha kufungua mdomo aseme "usijali." Akashindwa. Aliinamia vidole vyake vilivyojaa alama za sindano.

"Wifi, usinishukuru. Nilikuwa naomba Mungu akushushe."



"Anishushe?"

"Ndiyo. Na leo nilipopata habari, niliimba."

Wifi akageukia ukuta. Mabega yakaanza kumtetemeka. Fundi akadhani analia.

"Basi Mungu kajibu," wifi akasema, akijishika nyonga kwa maumivu ya kicheko. "Nimeshuka ngazi nzima kwa makalio, mbele ya bosi!"

Fundi hakuweza kucheka. Alijifunika uso kwa khanga, akalia kama mtoto. Wifi alimwacha alie kidogo, halafu akauvuta mkono wake.

"Mimi nilijua ulimtunza mama. Aliniita nije, nikawa kila siku nasema wiki ijayo. Pale msibani aibu ilikuwa yangu, nikakutwisha wewe. Nisamehe."

"Nisamehe na wewe."

Muuguzi akaja kumgeuza mgonjwa. "Mama, wewe ni nani wake?"

"Mke wa kaka yangu," wifi aliwahi kujibu. "Mwache anishike yeye, ameshazoea kuuguza."

Fundi akafuta macho, akapitisha mkono chini ya mgongo wa wifi, akamwinua taratibu.