Minofu Minene ya Safari

Sekela alijua kukausha nyama, msimwone vile. Kwao Igamba alifundishwa kuichana nyembamba, kuipaka chumvi na kuianika juani mpaka ikatike kwa mkono. Lakini alikoolewa, upande wa Vwawa, hiyo ilikuwa aibu. Mwanamume anayekwenda kutafuta kazi migodini Rodeshia hufungiwa minofu minene, ili wenzake njiani waone ametoka nyumba ya watu.

"Unamchania mwanangu nyuzi?" alifoka mama mkwe. "Kwenu mna uchoyo gani?"

Basi akakata nene. Mke mgeni ana mdomo gani, jamani? Mawingu yakatanda siku tatu, nyama ikahamishiwa uchagani, juu ya moshi. Nje ikawa nyeusi, ngumu, ya kupendeza kabisa. Mumewe Lusubilo akaitia mfukoni, akaondoka kwa miguu na rafiki yake Hezron.

Kesho yake Sekela akapasua mnofu uliobaki. Loo! Ndani mbichi, unateleza, harufu ikampanda puani. Akajifunga kanga kiunoni amfuate mumewe.

"Ukimfuata msafiri unamtia nuksi," mama mkwe akamwonya.

"Nuksi imo mfukoni mwake, Mama." Hakuwahi kumjibu hivyo tangu aolewe. Akatoka mbio.

Alifika Tunduma siku iliyofuata, miguu imevimba. Kwenye kibanda cha wasafiri akamwona Lusubilo amesimama, mzima! Akapiga goti kumshukuru Mungu.

"Ile nyama umekula?"

"Bado, naitunza ya huko mbele. Nilimpa Hezron tu, mkewe hakuwa na cha kumfungia."

Hezron alikuwa amelala nyuma yake. Kope zimemwangukia, mate yanamtoka, hawezi kumeza. Wasafiri wenzake walisema ni maji ya mtoni.

"Siyo maji," Sekela akasema mbele ya wote. "Ni nyama yangu. Nilijua haikauki ndani vizuri ikikatwa nene, nikaogopa kusema."

Lusubilo akageuza uso. Hezron akahangaika na ulimi wake mzito.

"Shemeji... ilikuwa tamu."

Alikufa mchana huohuo, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Sekela. Wanaume wakatazamana, wakaulizana nani atarudi kumwambia mkewe. Kila mmoja akawa na sababu yake.

"Nitakwenda mimi," Sekela akasema. "Na nitamwambia yote."