Ubeti Mzima Bila Waya

Sikuwa na gitaa. Sikuwa na amplifaya, wala mahali pa kuichomeka kama ningekuwa nayo, kwa maana chumba chetu kilikuwa na soketi moja na mke wangu alikwisha kuimiliki kwa pasi. Sikuwa na mwalimu. Sikuwa na vidole virefu. Ujana pia sikuwa nao. Nilikuwa nimetimiza miaka thelathini na minane, umri ambao wapigaji wengine huwa wameshaanza kusimulia enzi zao. Tena sikuwa na kile kitu alichokuwa nacho shemeji yangu, ambacho jina lake sikulijua, na ambacho kilinikaa kooni kwa miaka sita kama mwiba wa samaki.

Nilikuwa na ubao.

Mimi nilikuwa fundi makochi, na fundi mzuri, hilo nalisema bila haya. Nilipoanza masomo ya jioni nilikuta katika kabati la shule kitabu chakavu cha kujifunzia gitaa la besi. Hakikuruhusiwa kutoka, kwa hiyo nilikinakili chote kwa mkono katika madaftari mawili, michoro na kila kitu. Kisha nikachukua mbao ya mguu wa kochi, nikailainisha, nikachora kwa wino mistari ya kuonyesha vidole vikae wapi, nikakaza nyuzi nne za katani, zile tunazofungia springi. Ubao huo haukutoa sauti yoyote. Kila siku saa ya chakula, wenzangu walipokuwa wakila, mimi nilikaa nyuma ya marundo ya sponji nikipiga besi isiyosikika. Miaka sita. Vidole vyangu vilijua kila kitu kilichokuwamo katika madaftari yale.

Shemeji yangu hakuwahi kufungua daftari. Alikuwa mdogo wake mke wangu, fundi bomba, mtu wa kucheka hovyo, na ndiye aliyepiga besi katika bendi yetu. Alisimama pale na kijiti cha kiberiti mdomoni, macho nusu yamefumba, akipiga nota nne tu wimbo mzima, na moja kati ya hizo, nina hakika, ilikuwa ya kukosea. Lakini watu wakitoka ukumbini walikuwa wakimshika mkono yeye.

"Besi ya leo imenikaa tumboni!"

"Shem, ulisikia?" alikuwa akiniuliza, akicheka. "Eti nimemkaa mtu tumboni. Kama uji."

Nilicheka naye. Ndani nilikuwa nimekunja ngumi. Angalau angekuwa na majivuno, ningemchukia kwa raha zangu. Lakini alikuwa mwema, aliwaletea watoto wetu peremende, alinitengenezea bomba la jikoni bila kuombwa, na kila alipokuja nyumbani mke wangu alimpakulia kwanza.

Katika bendi hiyo mimi nilikuwa katibu, kwa sababu ya mwandiko wangu. Tulikuwa na mazoezi kila Jumapili mchana katika karakana yetu ya makochi, kwa kuwa sponji zilizuia kelele zisiwafikie majirani. Kiongozi alikuwa seremala mmoja mpiga ngoma, tukimwita Randa kwa jinsi alivyopenda kumkwaruza mtu kwa maneno. Gitaa la juu lilipigwa na kinyozi. Mwimbaji alikuwa nesi, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima.

Kanuni za bendi niliziandika mimi kwa mkono wangu, na ya saba ilisema hivi: mpiga besi mpya atachomolewa waya katikati ya wimbo, siku asiyoijua, na wenzake pia wasiambiwe. Wimbo ukianguka, nafasi ni yake. Wimbo ukiendelea kama kawaida, arudi kujifunza. Randa alikuwa akiweka soketi ya amplifaya chini ya kiti chake, akichomoa waya kwa kidole gumba cha mguu bila kukosa pigo hata moja.

Siku shemeji alipochomolewa nilikuwapo, nikiandika. Nesi alisahau maneno katikati ya mstari. Kinyozi akasimama mdomo wazi. Shemeji mwenyewe aligeuka kabla pigo la pili halijaingia, akauliza, "Jamani, nani amezima taa?" Ilikuwa mchana, jua limejaa dirishani. Wote wakaelewa alichosema. Niliandika katika kumbukumbu neno moja, "Amepita," na kalamu ilitoboa karatasi.

Basi ikaja habari kwamba shemeji amepata kazi ya kulaza mabomba ya maji katika mji mwingine, miezi sita. Alinikabidhi gitaa lake mlangoni kwangu.

"Nitunzie mtoto, Shem. Uwe unampigapiga asije akanisahau."

Namna alivyolitoa, kama mtu anayeazimisha mwavuli! Mimi ningekitoa vile kitu ninachokipenda? Nililipokea kwa mikono miwili, na nakiri kwamba hata kumtakia safari njema nilisahau.

Jioni hiyo nilifungua daftari langu la tatu. Humo nilikuwa nimejiandikia maswali ishirini ya kupima kama mtu ameiva kupiga besi katika bendi. Je, anazijua ngazi zote kumi na mbili za sauti bila kutazama? Je, anaweza kusoma nota? Je, anapiga saa nzima bila mkono kukakamaa? Nilijiwekea alama ya vema kwenye maswali kumi na tisa. La ishirini liliuliza kama ameshapiga na wenzake, na hilo Jumapili iliyofuata nalo likapata vema yake. Ishirini kwa ishirini. Nikamwambia Randa naitaka nafasi, na nipige siku ya kufungua ukumbi mpya wa chama cha maseremala, wiki sita mbele. Siku hiyo mji mzima ungekuwapo.

"Kanuni ya saba unaijua, Katibu?"

"Niliiandika mimi."

"Haya. Mwandishi wa sheria huwa hafungwi, eh? Tutaona."

Jumapili ya tatu tulikuwa katika wimbo wa kasi. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukitembea juu ya nyuzi kama nilivyoufundisha, juu, chini, nikiingiza hata mapambo ya ukurasa wa arobaini na mbili ambayo shemeji asingeyaota. Macho yangu yalikuwa kwenye vidole. Nilijiambia, laiti angekuwapo aone. Tukamaliza ubeti, tukaingia kiitikio, nesi akapandisha sauti, mambo yakaenda vizuri mno.

Randa akanyamazisha ngoma. Mmoja mmoja wakaacha. Mimi ndiye niliyeacha mwisho.

"Katibu," akasema Randa, "umepiga ubeti mzima bila waya."

Nilitazama chini. Waya ulikuwa umelala sakafuni, kichwa chake kando ya kidole gumba cha Randa.

"Ubeti upi?" aliuliza kinyozi. "Mimi mbona sikujua?"

"Ndiyo hivyo. Wewe hukujua, Nesi hakujua. Hilo halinishangazi, limewapata wengi." Randa aliokota waya, akaupangusa vumbi. "Lakini ndugu yangu, mwenyewe pia hukujua! Miaka yote nachomoa watu, sijapata kuona maiti anayeendelea kucheza."

Kinyozi alicheka mpaka akakaa juu ya sponji. Nesi alimpiga kofi la bega. "Acheni utoto. Vidole vyake ni vizuri. Mmeviona vidole?"

"Vya kuona ni vizuri," alisema Randa, na sauti yake safari hii haikuwa ya kukwaruza. "Mwandikie shemeji yako, Katibu. Aombe ruhusa siku mbili, aje atupigie siku ya ukumbi."

Mimi nimwandikie. Kwa mwandiko wangu.

Siku nne sikuandika. Siku ya tano niliandika barua ambayo hadi leo naiona ilikuwa na ufundi mkubwa. Nilimwambia kuna sherehe fulani. Nilimwambia tunafahamu jinsi kazi yake ilivyo nzito, na jinsi wakubwa wasivyopenda mtu wa kuomba ruhusa mapema, na kwamba hakuna atakayemlaumu. Hapakuwa na uongo hata mstari mmoja. Nilifikiri, asipokuja, Randa atapata wapi mpiga besi mwingine? Atarudi kwangu apende asipende.

Mke wangu aliisoma akiwa amesimama, pasi mkononi.

"Hii unamwambia aje, au unamwambia asije?"

"Namweleza hali ilivyo."

"Baba watoto, mimi nimekaa na wewe miaka kumi na tano. Unamwonea wivu mdogo wangu."

"Nota nne!" nilipayuka. "Anapiga nota nne! Kitabu hajakiona hata jalada! Mimi nimekesha na madaftari, mimi nimejinyima chakula cha mchana, halafu yeye anakuja na kijiti mdomoni. Ana nini yule? Niambie wewe uliyezaliwa naye. Ana nini?"

Aliweka pasi chini na kufikiri, kana kwamba nimemuuliza kitu cha kawaida.

"Kazi yake ni kuweka sikio ukutani," alisema. "Tangu mdogo, kwa fundi wake. Maji yanavuja ndani ya ukuta, huyaoni, anaweka sikio mpaka ajue yako wapi. Wewe na ule ubao wako, ulikuwa unasikiliza nini?"

Nilikuwa nimekasirika hata nikatoka nje kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Lakini swali lilinifuata na ufagio. Nilikuwa nikisikiliza nini? Kwa miaka sita sikusikiliza kitu, kwa kuwa hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimejifunza besi kama mtu anayejifunza kuogelea juu ya kitanda.

Kesho yake, kazi ilipokwisha na jua likiwa bado juu ya mapaa, nilimwomba mke wangu twende karakanani.

"Nitakupa mgongo nipige. Wewe chomoa waya wakati wowote unaotaka."

"Nichomoe tu? Hiyo naiweza hata bila shule."

Siku ya kwanza alichomoa, akakaa, akafuma mistari miwili ya fulana ya mtoto, ndipo akaniita. Siku ya pili vilevile, ila mstari mmoja. Nikaona aibu. Siku ya tatu niliyakataza macho yangu kuangalia vidole. Niliyafumba kabisa, nikaacha mapambo yote, nikapiga nota nne. Zile zile zake. Uchungu wa kuzipiga naujua mwenyewe.

Hapo ndipo nilipozisikia springi.

Nyuma yangu kulikuwa na makochi matatu tuliyoyavua vitambaa, springi zikiwa uchi. Nilikuwa nimezifunga kwa mkono wangu, na kila nilipopiga uzi mnene zilinguruma kidogo, zote pamoja. Bila shaka zilikuwa zikinguruma kila Jumapili tangu bendi ianze. Mimi, fundi wake, nilikuwa sijapata kuzisikia. Nilipiga, zikaitika. Nikapiga tena, zikaitika. Kisha nikapiga na hazikuitika. Mahali palipokuwa na mngurumo pakawa shimo, na mguu wangu ukasita kama mtu aliyehesabu ngazi moja zaidi.

Niligeuka. Mke wangu alikuwa ameshika waya.

"Mapigo mangapi?" nilimuuliza.

"Kumi na sita. Nimehesabu."

Siku ya nne yalikuwa kumi na mawili. Ya tano, manane, na siku ya sita pia manane, ingawa nilijaribu mpaka jasho likaingia machoni. Shemeji alikuwa amegeuka kabla ya la pili.

Nilirudi nyumbani nikachukua daftari la tatu, nikayafuta maswali ishirini kwa mstari mmoja mrefu. Nikaandika swali moja badala yake: Je, ukinyamazishwa, utachukua mapigo mangapi kujua? Chini yake nikaandika 8, na tarehe. Sikuweka vema. Wivu ulikuwa palepale, tena mkali zaidi, kwa sababu sasa nilijua ninachomwonea. Ila ulikuwa na kipimo, na kitu chenye kipimo fundi anaweza kukifanyia kazi.

Barua ya kwanza niliichana. Ya pili iliingia katika nusu ukurasa:

"Shemeji, salamu. Tarehe kumi na nane tunafungua ukumbi wa maseremala. Mji wote utakuwapo. Bendi inakuhitaji na si mzaha. Omba ruhusa leo, wakikataa omba tena. Mimi nilijaribu nafasi yako nikachomolewa, sikujua kama nimekufa. Kinyozi atakusimulia kwa kuongeza chumvi, kwa hiyo upate kwangu kwanza. Gitaa lako ni zima. Ukirudi kwenye mabomba naomba uniachie tena, na kabla hujaondoka unipe Jumapili moja: nitapiga, nawe uchomoe. Nataka uchomoe wewe. Dada yako anakusalimu. Njoo bila kile kijiti cha kiberiti, kinanikera."

Mke wangu aliisoma, akacheka kwenye mstari wa mwisho, akanirudishia.

Gundi ya bahasha sikuiamini, na mimi mwenyewe nilijiamini kidogo zaidi ya hiyo tu. Nikapitia karakanani, nikachovya brashi katika gundi yetu ya makochi, ile ambayo ikishashika hutoki na kitambaa bila kutoka na mbao. Nikaipaka ukingo wote, nikaikunja, nikaikalia juu ya kochi kwa dakika tano nzima. Nilipoiinua nilijaribu pembe kwa ukucha. Haikufunguka.

Kisha nikatembea nayo hadi kwenye sanduku la posta lililo pembeni mwa duka la mikate, nikaitumbukiza, na nikasikiliza mpaka nikasikia imefika chini.