Mjane Hakulia

Kitabu chetu hakikuwa na jalada. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mchwa, kwa hiyo jina la aliyekiandika hatukulijua, na sikumbuki siku tuliyotaka kulijua. Tulikisoma mpaka kikaachana katikati, Fundi Viatu akakishona upya kwa uzi wake wa soli. Akasema, "Sasa hiki kitatuzika sote."

Kilikuwa kitabu cha mauaji. Kuna mwanamke mlinzi wa daraja, anaitwa Mjane tu, na kuna majambazi wanaolitaka daraja lake. Mkubwa wao ni Mkono Mfupi. Watu humo wanachinjwa kama kuku. Mmoja anazamishwa kwenye pipa la mafuta, mwingine anakanyagwa na farasi wake mwenyewe, na sisi tulikuwa tukisikiliza hayo huku tunachambua mboga.

Nilikuwa nakaa na dada yangu na mumewe katika nyumba ya kupanga, vyumba vimezunguka ua mmoja. Chumba chetu kilikuwa cha kona, kitanda chao upande wa kabati, changu nyuma ya pazia. Mimi na dada tulipiga pasi kwa dobi mmoja wa barabara kubwa. Jioni tulirudi mikono inanuka mkaa na wanga wa kola, tukaoga, na kabla ya kubandika sufuria nilifungua kitabu. Mimi nilisoma maelezo, dada akasema maneno ya watu. Shule yangu iliishia darasa la saba, yake haikufika hata hapo, lakini maneno alishayashika yote kichwani. Akiwa Mkono Mfupi, mimi mwenyewe nilikuwa nasogea.

Hatukusoma peke yetu. Ukuta wa upande wa Bibi ulikuwa wa matofali yaliyosimamishwa kwa ubavu, mwembamba, ukiguna yeye anajibu. Bibi hakuwa na udugu na sisi. Alikuwa mzee wa chumba cha pili, macho yake yalishakufa, na kitanda alikisogeza mpaka ukutani kwa ajili ya kitabu. Nikiruka mstari aligonga kwa fimbo.

"Umeruka, binti. Punda yuko wapi?"

Maana kabla ya sura ya ghala kuna punda amefungwa nje, ana kidonda mgongoni, nzi wanamtembelea. Mara ya kwanza nilimpita kabisa. Mara ya kwanza ya kitabu unakimbia kama umefukuzwa na mbwa, njia huioni, unataka kujua nani kapona. Ukirudia ndipo unatembea. Unajua taa itaanguka, na unaisubiri, na mate yanakujaa mdomoni. Unamwona punda. Unaona kwamba Mkono Mfupi alipoingia alifuta miguu mlangoni, mtu anakuja kuua na anafuta miguu. Kila nikirudia nilikuta kitu kilichokuwepo siku zote kikiningoja mimi.

Fundi Viatu, aliyefanyia kazi barazani, aliacha kugonga misumari tukikaribia ghala. Mama Pacha wa chumba cha mbele alikuja na mtoto huku na mtoto huku, akasimama dirishani. Humo ghalani Mkono Mfupi anamfunga Mjane kwenye nguzo, katikati ya magunia, anampiga kwa mnyororo ili aseme ufunguo wa daraja uko wapi. Hapo kuna mstari ambao sikuwahi kuusoma peke yangu. Ua mzima uliusema:

"Mjane hakulia."

Halafu Mkono Mfupi anainama amsikilize vizuri, naye Mjane anamng'ata sikio. Sikio linaanguka kwenye unga. Hapo Fundi Viatu alipiga makofi. Taa inapinduka, jambazi anashika moto, na dada anapiga ukelele wa mtu anayeungua, ukelele mpaka vifaranga vya ua vinakimbia. Watu walicheka wakarudi kwenye masufuria yao wameshiba nusu.

Shemeji alituona hatuna akili. Alikuwa mchomeaji vyuma, mwenye karakana yake mtaa wa chini. Mlango wa chumba chetu aliutengeneza mwenyewe, bati nene na komeo la ndani kama mkono wa mtoto, na nondo dirishani. Aliujivunia ule mlango kuliko mke.

"Jambazi mnajua anakufa," alisema. "Mnasoma nini tena? Kuku mliyemla jana mnamla leo?"

"Kuku wa jana ndiye mtamu," dada akamjibu. "Viungo vimeshaingia."

Alicheka. Usiku akamlipa dada kwa lile jibu, kwa ngumi za mbavuni, kimyakimya, mimi nikiwa nyuma ya pazia nimeng'ata shuka. Ndivyo alivyokuwa. Nilikuwa nimeshamsoma. Akivua saa na kuiweka juu ya kabati, kuna kupigwa. Akiivua na kuifuta kwanza, kuna damu.

Dada aliniapisha nisimwambie mtu. Shemeji alisema siku habari ikitoka nje ya ule mlango atatuua wote wawili, na alimwambia hivyo huku amemkanyaga shingo, kwa hiyo dada alimwamini.

Jioni moja alirudi mapema, akafuta saa, akafunga komeo. Dada alilia kweli siku ile. Alipigizwa uso kwenye kona ya kabati na jino likatoka, akapiga ukelele uliokwenda mpaka barabarani. Mimi nilirukia mkono wa shemeji, akanipiga kiwiko cha pua nikakaa chini.

Asubuhi nikakutana na Mama Pacha bombani.

"Jamani, jana dada yako kalia," akasema. "Mpaka nywele zilinisimama. Ila mbona mlianzia ghalani? Mmetunyima punda."

Nilijaza ndoo yangu. Nilikuwa na kiapo cha dada shingoni. Jioni Mama Pacha alimwambia na shemeji, kwa kumsifu: mkeo ana kipaji, baba, angefaa redioni. Niliona uso wake. Ulifunguka taratibu, kama mtu aliyeokota kitu njiani na anaangalia huku na huku kama mwenyewe yupo.

Kuanzia hapo alinipa kazi. Alifunga komeo, akavua saa, akanitupia kitabu mapajani.

"Soma, Mwalimu. Soma kwa sauti, watu wanangoja."

Nilisoma, na yeye akapiga. Nje nilisikia Fundi Viatu ameacha nyundo yake asikilize vizuri. Dada akilia, Mama Pacha alisema dirishani, "Leo kazidisha," na pazia zito alilolitundika shemeji hapo halikumwonyesha kitu. Kitu tulichokipenda kuliko vyote kiligeuka kuwa blanketi la kuzibia kilio. Nilitamani kukichoma moto. Lakini mimi si mtu wa kukurupuka. Nilisoma nikiangalia, na nilichokiona ni hiki: shemeji hakuwahi hata siku moja kusikiliza. Kwake yale yalikuwa makelele ya wanawake. Neno gani limo na lipi halimo, hakujua.

Siku yenyewe alirudi na kipande cha nondo cha karakana, ncha moja bado nyeusi kwa moto. Sisi tulikuwa ndiyo tumeingia kutoka kwa dobi. Dada alikuwa amekunja nguo zake na kuziweka kwenye mfuko chini ya kitanda, mimi nilimsaidia kukunja. Tulikuwa tuondoke alfajiri. Shemeji alifunga komeo, akainama, akauvuta mfuko, kumbe alishauona asubuhi. Akavua saa. Akaifuta, mbele, nyuma, na mkanda.

"Mwalimu," akasema. "Sura ya ghala."

Dada akaniangalia. Alitikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayekataa sukari.

Nikafungua, nikaanza. Pigo la kwanza lilimpata dada begani, nikasikia mfupa. Alianguka kati ya kitanda na kabati. La pili lilimpata taya. Nje ua ulitulia, nyundo ikanyamaza, Mama Pacha akawaambia wanawe nyamazeni tusikie. Nikafika kwenye mstari. Kupitia ukutani na dirishani wote wakavuta pumzi ili wauseme nami, nami nikawahi:

"Mjane alilia."

Kisha fimbo ya Bibi ikagonga ukuta.

"Hakulia! Wewe binti umelala? Hakulia!"

"Msahihishe bibi yako," shemeji akasema, anahema. Alidhani ni utani wa siku zote. "Endelea."

"Mjane alilia," nikasoma, macho kwenye ukurasa, kidole kinafuata mistari kama mtoto wa darasa la kwanza. "Hakuwa amefungwa kwenye nguzo. Alikuwa amelala kati ya kitanda na kabati, na taya lake limevunjika."

Fimbo haikugonga. Ghala la kitabu halina kitanda. Lina magunia, nguzo, taa na unga, kila mtu wa ua ule alilijua kuliko chumba chake. Niliwasikia wakifikiri. Sijui nisemeje vizuri zaidi, niliwasikia.

Shemeji akainua nondo. Ilishuka pajani kwa dada, naye akatoa sauti ambayo haimo katika kitabu chochote.

"Mkono Mfupi alikuwa na nondo ya karakana," nikasoma, sauti yangu imenyooka kama kola yenye wanga. "Mlango ulikuwa wa bati na komeo liko ndani, hauvunjiki. Lakini ukuta wa upande wa kitanda cha mzee ulikuwa wa matofali ya ubavu."

"Kitabu gani hiki," shemeji akasema, "mbona kirefu hivi leo?"

"Ndiyo kilivyo, shemeji. Hujawahi kukisikiliza."

Ukuta ukalia. Haikuwa fimbo. Ulilia mara nyingine, plasta ikamwagika juu ya kitanda changu, na tofali moja likaingia ndani na kulala kwenye mto wangu kama mtu aliyechoka. Kwenye tundu niliona nyundo ya Fundi Viatu, na nyuma yake mchi wa Mama Pacha, na nyuma ya wote sauti ya Bibi: "Hapo hapo, kushoto, hapo ndipo pamelegea, nimelalia ukuta huu miaka."

Shemeji akageuka na nondo akaenda kwenye tundu. Ilimbidi amruke dada. Dada, na lile taya lake, alimdaka mguu kwa mikono miwili na kumng'ata juu ya kisigino, akashika, hakuachia. Shemeji alipiga kelele, akainua nondo amshushie kichwani. Mimi nikampiga na kitabu usoni, kwa ule mgongo ulioshonwa na uzi wa soli. Hakikumwumiza, ila kilimziba macho, na hapo Mama Pacha alikuwa ameshaingia nusu kwa tundu. Mchi ulimpata kwenye kiwiko. Ulimpata tena palepale, kama anayetwanga na anataka unga laini. Nondo ikaanguka. Fundi Viatu akaja juu ya kifusi cha ukuta na kumgonga goti kwa nyundo ileile ya misumari, shemeji akaenda chini, wakamkalia. Fundi alimfunga mikono kwa mkanda wa ngozi wa kushonea mikoba, akakaza kwa meno.

"Dada yenu alikuwa anasoma tu," shemeji akawa anasema, pua imejaa damu. "Ulizeni watu wote. Walikuwa wanasoma."

"Funga mdomo," Mama Pacha akamwambia. Alikuwa analia na mchi bado uko juu. "Mimi nilisimama dirishani nikamsifu. Nilimsifu, mshenzi wewe."

Polisi walipokuja walihangaika kufungua mlango wake kutoka nje, wakashindwa, na sisi humo ndani hakuna aliyelikumbuka komeo, wakapita kwa Bibi kama wengine.

Dada alikaa hospitali muda mrefu, taya limefungwa kwa waya. Sikio moja halisikii tena, na bega likipata baridi linamkumbusha. Shemeji yuko ndani, na mwenye nyumba aliutoa ule mlango akauuza, akaweka wa mbao. Ukuta haujajengwa. Tumetundika shuka, na kitanda cha Bibi kimebaki palepale.

Nilidhani sitakifungua tena. Kurasa mbili za sura ya ghala zimegandana kwa damu na sikuzibandua. Ni dada aliyekileta, siku yake ya tatu nyumbani, akakiweka mapajani mwangu kwa heshima, si kama alivyokitupa yule. Hakuweza kufungua mdomo vizuri, alizungumza kwa meno.

"Soma."

"Ya ghala nitairuka."

"Hiyo ndiyo ninayoitaka. Nimelala hospitali naiwaza hiyo tu." Halafu akasema, "Mimi nilimng'ata mguu. Sikio lilikuwa mbali."

Alijaribu kucheka, waya ukamzuia, akashika shavu. Bibi ndiye aliyecheka kwa niaba yake, upande wa pili wa shuka.

Nikasoma. Mkono Mfupi alifanywa na Bibi, vibaya sana, kama mzee anayefukuza mbuzi. Mama Pacha alikuja ndani safari hii, hakusimama dirishani, akakaa kitandani mahali anapomwona dada uso. Fundi Viatu naye aliacha kazi yake akaegemea mlango wa mbao. Zile kurasa zilizogandana nilizisoma kwa kichwa, huku nimeziangalia tu. Nikafika kwenye mstari, nikanyamaza, kwa sababu sikujua nani auseme. Hakuna aliyevuta pumzi.

"Alilia," dada akasema kwa meno.

Tulingoja fimbo. Nilimwona Bibi kwenye upenyo wa shuka ameishika, ameiinua kidogo, kisha akaiweka chini polepole kando ya kitanda.

"Alilia, sawa," akasema. "Lakini punda umemruka, binti. Nilikuwa najizuia tu. Rudi nyuma."

Nikarudi nyuma, nikaanza na punda.