Kura kwa Mchungaji

Hasira yangu huwa karibu, sifichi. Na mwaka ule miwa ilipofika mpaka chini ya dirisha la jikoni kwangu, nilikuwa na hasira nyingi kuliko unga. Kiwanda kipya kilitaka miwa, na Wakristo wetu, kuanzia Butali hadi Matete, waling'oa mahindi wakapanda pesa, kama walivyojisifu wenyewe. Zamani fungu la kumi lilikuwa kuku, mkungu wa ndizi, debe la mahindi. Sasa likawa neno moja tu: subirini miwa ikatwe. Muwa hukaa shambani karibu miaka miwili, na watoto wa mchungaji walitaka kula jioni hiyo hiyo.

Mchungaji ni mume wangu, Phanuel. Ni mpole mpaka anakera, lakini Jumapili moja uvumilivu ulimwishia. Akasema mbele ya kanisa zima kwamba Walawi wa siku hizi, yaani wachungaji, wameachiwa majani ya miwa. Watu wakatazama chini. Tangu siku hiyo akina mama wakaacha kuja kwenye maombi ya Jumatano. Nilipita kwa mmoja nikakuta mlango umefungwa, kwa mwingine vivyo hivyo. Nikajua wana mahali wanapokutana kutusema.

Halafu Ijumaa Muhonja, kiongozi wa akina mama, alisimama langoni akiwa na haraka zake, akamwita Phanuel.

"Pasta, kesho mchana msitoke. Kanisa yote inakuja hapa. Iko kura."

Phanuel aliingia ndani uso umemshuka. Mara ya mwisho kanisa letu kupiga kura, ilikuwa ya kumwondoa mchungaji aliyetutangulia. Nyumba ni ya kanisa, na huko kwao Lugari ndugu zake walikuwa wamegawana shamba la baba yao bila yeye. Kura ikitushinda, hatuna pa kulaza watoto.

Sikutaka mtu anione nikifungasha huku nalia, kwa hiyo nilifungasha mapema. Nilikunja magodoro, nikatia sufuria kwenye gunia. Phanuel alikuwa akijizoeza maneno ya kuwashukuru watu ambao mimi sikuona walichostahili kushukuriwa.

Walikuja kweli, wakitokea kwenye njia ya katikati ya miwa, mbele yao Mzee Andati, mzee wa kanisa. Nilisimama mlangoni mikono kiunoni. Kabla hawajafika nikasikia harufu ya kuku. Akina mama walikuwa wamejitwika masufuria, na wanaume wawili walibeba gunia la mahindi.

Andati alichungulia ndani, akaona magodoro, akauliza tunasafiri kwenda wapi. Nikamwambia wapige kura yao waimalize, kisha wachukue nyumba yao. Alinitazama kana kwamba nimeanza kuugua. Muhonja ndiye aliyeelewa kwanza. Alitua sufuria lake.

"Mama, mimi nilisema kura," akasema, akapeleka vidole mdomoni, akatafuna hewa. "Kura. Obusuma na ingokho."

Kula! Ugali na kuku. Miaka yote ile katikati ya watu wanaobadilisha *r* na *l* wapendavyo, na mume wangu aliyezaliwa humo humo, bado tulinaswa. Phanuel alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka, kisha nikalia, nikajikasirikia kwa vyote viwili.

Tulipokuwa tukipakua, Muhonja aliniambia walikokuwa wakienda Jumatano. Walikuwa wakivuna mahindi kwenye mashamba ya watu huko Lugari, wakilipwa kwa mahindi hayo hayo.

"Hata sisi nyumbani hakuna kitu," akasema kwa sauti ya chini. "Muwa haurambwi ukiwa shambani. Tulionanga haya kukwambia."

Mimi nilidhani wanalala wameshiba. Kumbe walitenga sehemu ya mchungaji kwanza, ndipo wakabeba iliyobaki kuwapelekea watoto wao. Na walikuwa wamekubaliana kila nyumba ing'oe miwa iliyo karibu na ua, irudishe mahindi, na fungu la kumi litoke humo.

Chakula kilipokuwa mezani, Andati alichagua imondo ya kuku, ile firigisi ambayo huku kwetu hailiwi na mtu yeyote ila mwenye mji, mkuu wa boma, akaiweka kwenye sahani ya Phanuel. Phanuel akairudisha kwa heshima. Alisema yeye ni mgeni tu hapa, mzee yupo, na mzee ndiye wa kuila.

Andati akaisukuma tena.

"Na huu mji ni wa nani, Pasta?"

Phanuel akaichukua, akaila yote mbele ya kanisa lake.