Mpira wa Nyumbani kwa Matiasi

Diane alikuwa amepiga magoti nyuma ya runinga, waya mmoja mkononi na mwingine ameuma kwa meno, aliposikia hodi. Ilikuwa Jumapili, misa imeshatoka, na sebule ilitakiwa iwe tayari kabla ya mechi ya jioni: mikeka chini, mabenchi ukutani, kiti cha baba yake karibu na dirisha, na kile kisanduku cheusi kimeunganishwa na intaneti ya simu.

"Karibu," alisema bila kuachia waya.

Aliyeingia ni Ndayisenga, mwenye kibanda cha kuonyesha mpira pale senta. Alivua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," mzee Matiasi alijibu kutoka kitini. "Leo umefunga kibanda uje kutazama kwetu?"

"Hata nikifunga nani atajua, mzee? Wateja wangu si wote wako hapa?"

Matiasi akacheka. Ndayisenga hakucheka. Alikataa kiti.

"Nimekuja kusema mwenyewe, msisikie kwa watu. Nimewashtaki kwa mtendaji wa kijiji. Ijumaa anakuja afisa kutoka wilayani."

Diane alitoa waya mdomoni. "Kwa kosa gani?"

"Mawili. Kwanza, hicho kisanduku kinaiba. Mechi ninazolipia kila mwezi kifurushi cha biashara, ninyi mnazipata bure. Pili, mnafanya biashara bila leseni. Watu wanatoa kiingilio."

"Kiingilio! Nani amewahi kutoa hata shilingi hapa?"

"Shilingi, hapana. Ndizi. Maharage. Juzi nimepishana na mtu amebeba kapu la viazi, mpira unakaribia kuanza, anakimbia. Kama si kiingilio ni nini?"

Alisema hayo bila kupandisha sauti, akaaga vizuri, akaondoka. Diane alibaki amechuchumaa. Alitaka kukasirika, lakini hakupata pa kuanzia. Mtu aliyekuja kukuambia usoni si rahisi kumchukia.

Mwaka juzi Matiasi alianguka kutoka kwenye mparachichi akavunjika nyonga. Mfupa uliunga vibaya. Kanisani hakuweza tena kwenda, sokoni hakuweza, wala kule alikokuwa akinywa rubisi, pombe ya ndizi, na wenzake. Mwanzoni watu walikuja kumpa pole. Kisha msimu wa maharage ukafika, kila mtu akaingia shambani kwake, na mlango ukanyamaza. Baba yake naye akanyamaza. Kuna siku Diane alihesabu maneno yake, yakatosha vidole vya mkono mmoja.

Ndipo aliponunua runinga na king'amuzi, na baadaye kisanduku, kwa Wiston, muuza vifaa vya umeme wa mjini Biharamulo. Wiston alimwambia kina ligi zote za dunia, hakuna kulipia tena, king'amuzi akitupe. Diane hakukitupa. Alikifunga kwa gazeti akakiweka chini ya kitanda.

Kisanduku kilikuwa na kasoro moja: mpira ulikuja na mtangazaji wa lugha ambayo katika kijiji kizima cha Nyakisasa hakuna aliyeijua. Siku ya kwanza Matiasi alimsikiliza kidogo, akakunja uso. "Mzimishe huyo," alisema. "Anapiga kelele kama aliyeibiwa." Kisha akaanza kutangaza mwenyewe, kwa Kihangaza, lugha ya kwao. Majina ya wachezaji hakuyajua, akawapa majina ya ng'ombe kwa jinsi wanavyokimbia: yule mwenye pembe pana, yule dume la baka jeupe, yule mtamba asiyekubali kufungwa kamba. Jirani aliyekuja kuomba moto alibaki hadi mwisho. Jumapili iliyofuata alikuja na mkewe na kapu la viazi, maana nani anakwenda kwa mtu mikono mitupu? Tangu hapo nyumba ilijaa kila wiki, na Matiasi alikuwa anazungumza hata usingizini.

Sasa Diane alimpigia Wiston.

"Kaka Wiston, hiki kisanduku kina kibali?"

"Dada yangu, hicho kina kila kitu!"

"Nauliza kibali. Wenye mpira wao wanajua kwamba tunautazama?"

"Sasa dada, picha ziko hewani. Hewa ni ya Mungu. Mungu naye ana ofisi ya vibali?"

Diane alikata simu. Matiasi, aliyekuwa akisikiliza, alikuna kidevu.

"Tulilipa, baba," Diane alisema. "Nilidhani ukishalipa, basi."

"Ukiuziwa ng'ombe usiku, njiani, kwa bei ya mbuzi, nawe umelipa. Lakini mwenye ng'ombe bado anatafuta."

"Kwa hiyo tukirudishe?"

"Wewe unaonaje?"

Diane alichomoa waya za kisanduku. Jioni ile aliwaambia waliokuja kwamba hakuna mpira, akawapa chai. Usiku alitoa king'amuzi chini ya kitanda, akakifuta vumbi. Kifurushi cha nyumbani alichokimudu kilikuwa na mechi chache, na nyingi za hapa hapa nchini. Tena mtangazaji wake alitangaza kwa Kiswahili, kwa sauti nzuri. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Ijumaa wangeweza kuambiwa wafunge mlango. Na hata wasipoambiwa, nani atakuja kumsikiliza mzee wa nyonga mbovu, ikiwa runinga inasema yenyewe na watu wanaelewa?

*

Ofisi ya kijiji ilijaa mpaka madirishani. Afisa aliitwa Bi Akimana, mwanamke mwembamba aliyefika kwa pikipiki, nywele nyekundu kwa vumbi. Alimsikiliza Ndayisenga hadi mwisho, kisha akamgeukia Diane.

Diane aliweka kisanduku mezani.

"Kwa hili la kwanza Ndayisenga amesema kweli," alisema. "Nilidhani nimenunua. Nimeuliza, nimeona sikununua kwa mwenyewe. Hiki hapa. Tangu Jumapili hatujakiwasha."

Watu wakanong'ona. Ndayisenga, aliyekuwa amejiandaa kubishana, alikuna shingo.

"Aliyekuuzia tutamtafuta sisi," Bi Akimana alisema. "Kumlipa muuza kisanduku si kumlipa mwenye mpira. Wengi mnajikwaa hapo, hata huko mjini. Umekileta mwenyewe, kwa hiyo mimi nakupa onyo, basi. Ukikirudia, hatutaongea hivi."

"Sitakirudia."

"Haya. King'amuzi unacho?"

"Ninacho. Kifurushi cha nyumbani."

"Cha nyumbani ni cha nyumbani. Ukitoza watu, hapo si nyumbani tena, ni kibanda kama cha huyu bwana. Sasa niambie hayo makapu."

Diane alieleza. Anayekuja huleta alichonacho, akiondoka kapu lake hutiwa kitu, kwa sababu kapu haliwezi kurudishwa tupu. Alipokuwa akieleza aliona jambo hilo, ambalo hakuwahi kulifikiri maishani, likisikika kama uongo.

"Asiye na kapu anarudishwa mlangoni?"

"Hapana."

"Hayo ni maneno yake," Ndayisenga alisema. "Nani ataingia mikono mitupu mbele ya watu? Aibu peke yake inamtoza."

Bi Akimana aliandika. Diane aliifuata kalamu kwa macho. Ndipo sauti ikatoka nyuma, karibu na mlango.

"Mimi niliingia."

Watu walimpisha bibi Domisiana. Alikuja taratibu na fimbo yake, akasimama mbele ya meza. Ndayisenga aliinuka.

"Mama, wewe rudi nyumbani. Jua ni kali."

"Kaa chini. Nikiwa nasema na serikali usinikatize." Akamgeukia afisa. "Mimi ndiye mama yake huyu mshtaki. Kila Jumapili niko kwa Matiasi."

Ofisi ililipuka kwa kicheko. Mtendaji aligonga meza.

"Kila Jumapili?" Ndayisenga aliuliza. "Si huwa unakwenda sala za jumuiya?"

"Jumuiya inaisha mapema. Afisa, kiangazi hiki sikuwa na kitu shambani. Nilikwenda kwa Matiasi na mdomo tu. Hawakunirudisha. Walinikalisha mbele, kwa sababu sioni vizuri. Na niliporudi, Diane alinitafutia kapu la kwake akanijazia maparachichi. Sasa muulize mwanangu nani aliyala."

"Mama!"

"Mama nini? Ulikula kwa chumvi, ukaniuliza kama yapo mengine. Sasa kama kapu langu ni kiingilio, ulichokula wewe ni nini? Chenji?"

Safari hii hata mtendaji hakugonga meza. Mwanamume mmoja dirishani alilia kwa kucheka, akawa anapiga ukuta kwa kiganja. "Amekula chenji!" alisema. "Ndayisenga amekula chenji!" Bi Akimana aliinua faili usoni, nalo faili likawa linatikisika.

Ndayisenga alisubiri kelele zipungue.

"Mama," alisema polepole, "kwangu ungeingia bure. Kwa nini huji?"

"Kwako nakaa wapi? Kwenye yale mabenchi yenye misumari? Vijana wanamtukana refa mpaka nasahau mpira. Rekebisha mabenchi, nitakuja Jumatano. Jumapili nina pangu kwa Matiasi."

Bi Akimana aliweka kalamu chini. Alisema kwamba jirani akija nyumbani kwako na mboga, na akaondoka na tunda, yeye haoni biashara hapo, anaona ujirani, na kwamba hakutumwa Nyakisasa kufunga ujirani. Mlango ubaki wazi. Kisanduku anaondoka nacho. Kama kuna siku Diane atataka kutoza hata shilingi mia, aje wilayani kwanza, achukue leseni kama Ndayisenga.

"Umeridhika?" alimuuliza Ndayisenga.

"La kisanduku nimeridhika." Alitazama chini. "La makapu, mimi na mama yangu tutaongea nyumbani."

"Utaongea wewe," Domisiana alisema. "Mimi nimeshamaliza."

Diane alitoka nje. Wanawake walimpokea kwa vigelegele, wakamsindikiza hadi njia panda kana kwamba ni bibi harusi.

*

Kesho yake, Jumamosi, timu ya taifa ilikuwa inacheza, na mechi hiyo ilikuwemo kwenye kifurushi. Diane aliandaa sebule akijiambia wakija kumi inatosha. Walikuja hadi ikabidi runinga itolewe barazani na watu wakae uani, kwenye magogo, kwenye ndoo zilizofunikwa, juu ya ukuta wa zizi. Makapu yalijaa jikoni. Kiti cha Matiasi kilibebwa na yeye akiwa juu yake.

Mpira ulianza. Mtangazaji wa runinga alikuwa hodari. Alijua kila mchezaji, alizaliwa wapi, alisoma wapi. Watu walisikiliza kimya, kama watu wanaosikiliza somo. Matiasi alifungua mdomo mara moja, akaufunga. Aliweka mikono magotini akatazama kama mgeni. Diane, aliyesimama mlangoni, aliona, na ushindi wa jana ukaanza kumponyoka.

"Diane," bibi Domisiana aliita kutoka mstari wa mbele. "Kuna mtu anaongea humo ndani."

"Ni mtangazaji, bibi. Huyu anaongea Kiswahili."

"Namsikia. Mzimishe."

"Lakini huyu tunamwelewa, bibi," kijana mmoja alisema.

"Unamwelewa, ndiyo. Amekuchekesha?"

Kijana alifikiri. "Bado."

"Mzimishe huyo, Diane," sauti nyingine ikasema, na nyingine tena, na mara ua mzima ulikuwa unadai. "Mzee! Tunamtaka mzee!"

Diane alibonyeza kitufe. Uwanja wa kwenye runinga ukanyamaza. Matiasi alitazama watu, akasafisha koo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sasa," alisema kwa Kihangaza, "yule dume la baka jeupe amepewa mpira. Ameutazama kama fahali anayetazama mlango wa zizi la jirani. Ataingia? Mwenye zizi amelala. Mwenye zizi amelala, jamani!"

Na dume likaingia. Goli lilipofungwa, sauti ya Matiasi ilipanda juu ya sauti zote, ikavuka migomba, ikashuka bondeni, na watu wa upande wa pili wa bonde, ambao hawakuwa na runinga, walijibu kwa kelele. Mzee mmoja alimkumbatia mwenzake aliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba. Diane alijikuta ameketi kizingitini, anacheka na kulia, na hakujificha.

*

Jumapili baada ya misa wanaume walikuja na majembe bila kuitwa. Walisema mvua za masika zikifika baraza halitatosha, na mzee hawezi kutangaza chini ya mwavuli. Wakachora mstari, wakaanza kuchimba mashimo ya nguzo za kibanda cha bati mbele ya nyumba.

"Mkiongeza paa Ndayisenga atatushtaki tena," mtu mmoja alisema.

"Akishtaki, tutamwita mama yake."

"Mama yake ndiye aliyenituma," Ndayisenga alisema. Alikuwa anaingia uani na mtaimbo begani, uso umekunjamana. "Amesema nisiporudi na vumbi magotini nisitegemee chakula. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mabenchi umerekebisha?"

"Nimeng'oa misumari jana. Shimo gani halina mtu?"

Walimwonyesha la kona, karibu na mgomba. Alivua shati akaanza. Diane aliwaletea maji na ndizi za kuchoma. Matiasi, kitini pake, aliwatangaza wachimbaji mmoja mmoja, na kwa kila jina la ng'ombe aliyempa mtu, wengine waliacha majembe wacheke, kwa hiyo kazi ilikwenda polepole. Jua lilipozama nyuma ya mlima, nguzo za mbele zilikuwa zimesimama, zimeshindiliwa. Za nyuma zilikuwa bado zimelala kwenye nyasi.

Shimo la Ndayisenga liligonga jiwe. Aligonga tena, pembeni, akasikiliza.

"Ni kubwa," alisema. "Limeingia mpaka chini ya mgomba."

"Tusogeze shimo," Diane alisema.

"Tukisogeza, paa litapinda." Aliuinua mtaimbo akapiga mara nyingine, cheche zikaruka, na kipande kidogo kikabanduka. Akakitazama kiganjani kama mtu anayepima mahindi. "Linapasuka. Lakini si kwa giza hili."

Aliuacha mtaimbo umesimama ndani ya shimo, akaokota shati lake.

"Kesho asubuhi," alisema. "Nikishampeleka mama zahanati kutazamwa macho."