Wimbo wa Tunu Katika Mji wa Vioo

Usingizi unanichukua adhuhuri, kichwa nimekilaza juu ya cherehani, na redioni mwanamke Mmarekani mweusi anaimba bluzi, zile nyimbo za huzuni za kwao, Kiingereza chake sikielewi, lakini najua amefiwa. Leo ni arobaini ya binti yangu Tunu, na siku zote hizi wifi yangu Mejumaa ananiambia, Nyamvula, jikaze, watu wanatutazama. Nimejikaza, sijamlilia hata mara moja. Nafumba macho na sauti ile inageuka barabara, natembea juu yake, inapanda, inajikunja, inarudi ilikotoka, inapanda tena, mpaka nafika kwenye mji ambao kuta zake zote ni vioo, na katika kila kioo nimefunga mdomo. Langoni amesimama mtu asiye na uso. Namuuliza, mwimbaji yuko wapi? Yuko pale asipofika aliyenyamaza, ananijibu. Basi nipishe. Anasema, hapa mgeni huacha kile alichokuja nacho duniani kabla hajapewa jina. Naelewa, ni kile kilio cha kuzaliwa, anataka sauti yangu. Hapana, namwambia, mwanangu mmemchukua, sauti hamuipati. Nampiga kikumbo, napita.

Ukumbini yule mama wa redioni anaimba peke yake, mnene, jasho linamtiririka. Analishika neno moja, analivuta, analivunja kama mtu avunjaye muwa gotini, na pale linapovunjika namsikia Tunu akikohoa, akicheka, akiniita. Wasio na nyuso wamemzunguka, wanambembeleza, yatosha mama, yatosha. Yeye anapaza zaidi. Kisha ananigeukia. Nawe umefiwa na nani? Tunu, nasema. Sikusikii! Tunu! Bado unawaambia hawa, mwite Tunu mwenyewe. Nafungua kinywa, na kinachotoka si kizuri, kinakwaruza kama mlio wa mbuzi, lakini ni changu, nakiimba, namwimba mwanangu tangu meno yake ya kwanza mpaka shuka la hospitali, na vioo vinatetemeka, na ndani yake akina Nyamvula wote wanafungua midomo.

Mkono unanitikisa bega. Ni Mejumaa. Nyamaza, wifi, mtaa mzima umejaa mlangoni! Koo linaniwaka. Nawaona watu wamesimama, mwanamke mmoja anafuta machozi kwa ncha ya leso, na siwezi kujua kama hawa ni majirani zangu au bado niko kule. Sijali. Nauondoa mkono wa Mejumaa begani, taratibu, navuta pumzi, naanza ubeti wa pili.